Barua ya wazi kwa viongozi wa Mtwara na Lindi: tupimieni hewa ya ndani ya nyumba zetu

Kwa:
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara,
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Lindi,
Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania,
Wakurugenzi wa Halmashauri zote za mikoa hii miwili.

YAH: KUPIMWA KWA GESI YA RADONI KATIKA NYUMBA ZA KUSINI

Waheshimiwa viongozi,

Salamu kwenu kutoka Masasi. Mimi ni fundi mwashi. Kazi yangu ni kuchimba msingi, kujaza kifusi, kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu, na kusimamisha kuta, na nyumba nilizozijenga au kusaidia kuzijenga zipo kuanzia Nanyumbu hadi Nachingwea. Watu wanalala humo na watoto wao. Kwa hiyo naona nina haki, na pia wajibu, wa kuwaandikia hadharani ombi hili: pimeni gesi ya radoni katika nyumba za Mtwara na Lindi, kila mwenye nyumba aambiwe namba ya nyumba yake, na wastani wa kila kata ubandikwe kwenye ubao wa matangazo.

Nianze kwa kuondoa shaka moja. Huku kusini ukitamka gesi, mawazo ya watu yanakimbilia gesi asilia ya Msimbati, Madimba na Songo Songo. Radoni ni kitu kingine kabisa. Haiwaki, haina rangi, haina harufu wala ladha. Katika mawe na udongo wa kila mahali duniani mna urani kidogo, madini yenye mionzi. Urani hiyo huoza, yaani atomu zake huvunjika zenyewe, polepole mno, ikapitia hatua kadhaa hadi kuwa radiamu, na radiamu ikioza huzaa radoni. Kwa kuwa ni gesi, haibaki ndani ya jiwe; hupanda juu kupitia mianya ya udongo. Ikitokea uwanjani, upepo unaitawanya na inabaki kidogo sana. Ikitokea chini ya nyumba, inaingia kwa ufa wa sakafu, kwa pembe sakafu inapokutana na ukuta, kwa tundu la bomba la maji machafu, au moja kwa moja kwa sakafu ya udongo isiyo na kizuizi chochote. Ikikuta madirisha yamefungwa, inajikusanya.

Hupimwa kwa bekereli katika kila mita ya ujazo ya hewa. Bekereli moja ni atomu moja inayovunjika kila sekunde. Chukueni chumba chetu cha kawaida cha futi kumi kwa kumi, chenye ujazo wa mita 25 hivi. Hewa yake ikiwa na bekereli 100 kwa kila mita ya ujazo, atomu 2,500 za radoni zinavunjika mle ndani kila sekunde, usiku kucha, watu wakiwa wamelala. Radoni iliyoingia leo itapungua nusu baada ya siku 3.8, lakini ardhi haiachi kuleta nyingine. Na gesi yenyewe tunaivuta na kuitoa. Kinachotudhuru zaidi ni vizalia vyake, yaani vitu vinavyotokea radoni inapovunjika, hasa poloni, ambavyo si gesi tena. Hivyo hunata kwenye vumbi na moshi, tukavivuta, vikabaki kwenye njia za hewa na kutoa mionzi ya alfa papo hapo juu ya ngozi laini ya ndani ya mapafu.

Madhara yake ni saratani ya mapafu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka radoni katika kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu tangu mwaka 1988. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 3 na 14 ya saratani za mapafu zinatokana na radoni, kutegemea wastani wa gesi hiyo katika nchi na wingi wa wavutaji wa sigara. Mwaka 2005 watafiti wa Ulaya walikusanya pamoja tafiti 13 kutoka nchi 9, zenye wagonjwa zaidi ya 7,000, wakaona kwamba kila bekereli 100 zinapoongezeka kwa mita ya ujazo, hatari ya saratani ya mapafu inapanda kwa takriban asilimia 16. Hatari hiyo ilionekana hata katika nyumba zenye chini ya bekereli 200. Mvutaji wa sigara ndiye anayeumia zaidi: radoni humletea hatari inayokadiriwa kuwa mara 25 ya ile inayomletea asiyevuta. Nyumba na sigara hushirikiana kumuua mtu mmoja.

Sasa tuangalie wenzetu. Wastani wa nyumba za dunia nzima unakadiriwa kuwa kama bekereli 40. Nyumba za Uingereza zina wastani wa 20, na za Japani hata chini ya hapo. Marekani ni 48. Ireland ni 77. Finland inakaribia 100, na Sweden na Ucheki zimevuka 100. Tofauti hizi zina sababu zake: mawe yaliyo chini, aina ya udongo, na namna watu wanavyojenga na kufunga nyumba zao kwa ajili ya baridi. Hewa ya moto ndani ya nyumba hupanda na kutokea juu, na chini nyumba inavuta hewa ya ardhini kuziba pengo. Nyumba yenye joto katikati ya barafu inanyonya radoni kutoka ardhini usiku na mchana.

Lakini wastani si habari yote, na hapa nawaomba mnisome kwa makini. Uingereza hiyo hiyo yenye wastani wa 20 ina majimbo ya Cornwall na Devon, yaliyokaa juu ya granaiti, ambako nyumba nyingi zimevuka bekereli 200, kiwango ambacho serikali yao inamshauri mwenye nyumba achukue hatua. Kwa nchi nzima, radoni inahusishwa na vifo vipatavyo 1,100 kwa mwaka. Ireland, katika mji mdogo wa Castleisland, mwaka 2003 ilipatikana nyumba yenye bekereli 49,000. Na Marekani, Desemba 1984, mhandisi mmoja wa ujenzi aitwaye Stanley Watras, aliyekuwa akijenga kinu cha nyuklia cha Limerick huko Pennsylvania, alikuwa akipita kwenye mashine ya kukagua mionzi na mashine inalia. Kinu chenyewe kilikuwa bado hakijaanza kuzalisha umeme. Walipofuatilia wakakuta mionzi anakuja nayo kutoka nyumbani kwake. Hewa ya nyumba ile ilikuwa na bekereli kama 100,000 kwa mita ya ujazo. Jirani yake hakuwa na tatizo la namna hiyo.

Hilo la jirani ndilo linalonisumbua mimi kama fundi. Viwanja viwili vinavyopakana, ramani moja, fundi mmoja, saruji ya gari moja, na hewa mbili tofauti kabisa. Hakuna jicho wala pua itakayokuambia ipi ni ipi. Nchi zote nilizozitaja zilijijua baada ya kuweka vipimo ndani ya maelfu ya nyumba, moja baada ya nyingine.

Kwetu mambo yakoje? Nitasema ninachokiona kazini. Ukanda wa pwani, kuanzia Msimbati na Mikindani hadi Lindi mjini na Kilwa, ni mchanga, chokaa na matumbawe, na upepo wa bahari hauishi. Ningetegemea namba za huko ziwe ndogo, na ingekuwa furaha kulisikia hilo likithibitishwa kwa kipimo. Lakini ukiacha pwani ukapanda hadi huku Masasi, au ukaelekea Nachingwea, unaingia kwenye nchi ya mawe magumu ya kale, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500. Vilima hivi vya mawe vinavyowavutia wageni, kile cha Mtandi na wenzake, vimekatiza hata mitaa yetu. Tunachimba msingi tunagonga mwamba. Tunavunja kokoto hapo hapo, na tunajazia misingi kwa mawe hayo hayo. Mawe ya jamii ya granaiti ndiyo yaliyozipa taabu nchi nyingine. Mwamba wa Masasi sio mwamba wa Cornwall, na namba ya Cornwall haiwezi kuwa yetu, itafuteni yetu.

Kuna wanaosema nchi za joto hazina haja ya kuhangaika. Nakubali nusu. Nyumba ya babu zetu, ya fito na udongo, paa la makuti au nyasi, na nafasi wazi kati ya ukuta na paa, ilikuwa inapumua yenyewe. Radoni iliyoingia kwa sakafu ilitoka kwa juu kabla ya mtu kumaliza usingizi. Nyumba ninayoijenga leo sio hiyo. Mteja wa leo anataka dari la jipsamu lisiloacha upenyo, madirisha ya vioo vya alminiamu vya kuteleza ambavyo hata vikifunguliwa vyote ni nusu tu ya dirisha, na vile vitundu vya hewa tulivyokuwa tunaviacha juu ya madirisha vimeachwa kwa sababu vinaingiza mbu na vumbi. Mwenye uwezo anaweka kiyoyozi, na kiyoyozi cha ukutani kinazungusha hewa ile ile ya ndani. Usiku madirisha yanafungwa kwa hofu ya mbu na wezi. Masika ndiyo kabisa: mvua inalowesha ardhi ya nje, udongo wa nje unajifunga kwa maji, na gesi iliyo chini inatafuta palipo pakavu, yaani chini ya sakafu yako. Siwalaumu wateja wangu. Nyumba hizi ni ndoto zao na jasho lao la korosho. Ila tumebadilisha nyumba bila kubadilisha tunachokijua kuhusu hewa yake.

Na wasio na uwezo? Hao wana sakafu ya udongo na bati juu, ukuta wa matofali ya kuchoma uliozibwa vizuri hadi kwenye bati, chumba kimoja na watoto wanne juu ya mkeka. Wapimwe wao kwanza.

Jambo la kifusi nalihofia kuliko yote, na hapa naongea na Tume moja kwa moja. Katika mji wa Grand Junction, jimbo la Colorado, Marekani, kulikuwa na kiwanda cha kusafisha urani. Mabaki yake yalikuwa mchanga safi, laini, unaovutia fundi yeyote, na ulitolewa bure. Kuanzia miaka ya 1950 hadi 1966 watu na makandarasi waliuchukua kwa malori wakajazia misingi, wakachanganyia zege, wakatandika chini ya sakafu. Maelfu ya majengo yaliguswa, na kuanzia 1972 Bunge lao lililazimika kutenga fedha za kwenda kuchimbua tena. Sweden nao kwa miongo mingi walijenga kwa matofali mepesi yaliyotengenezwa kwa mwamba wenye urani nyingi, wakasimamisha uzalishaji wake mwaka 1975, na nyumba hizo bado wanazifuatilia mpaka leo. Sisi jirani zetu wa Ruvuma wana urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, na lori la kutoka huko hadi Masasi ni safari ya kawaida kupitia Tunduru. Mgodi ukishamiri, pasiwe na chembe ya mchanga wake itakayofika sokoni kwa jina la kifusi. Naomba jambo hilo liandikwe kwenye masharti na lisimamiwe getini, na mafundi tuambiwe mapema, sisi ndio tutakaouziwa.

Zaidi ya hapo, kupima sasa kuna faida ambayo haitapatikana tena. Ukipima nyumba za kusini kabla mgodi haujapanuka, unapata namba ya mwanzo. Baada ya miaka 20 mtu akilalamika kwamba mgodi umechafua hewa, au mgodi ukisema ilikuwa hivyo tangu zamani, patakuwa na karatasi ya kuamua. Watafiti wetu wamekwisha kupima udongo na maji katika kijiji cha Likuyu karibu na eneo hilo, na mwamba wa fosfeti wa Minjingu mkoani Manyara ulishapimwa na wataalamu wa nchi hii miaka mingi iliyopita, ikaonekana urani yake iko juu. Utaalamu upo. Uletwe na huku.

Ilipogunduliwa gesi ya Songo Songo mwaka 1974 na ya Mnazi Bay mwaka 1982, ilipimwa kwa futi za ujazo, na inaendelea kupimwa kila siku, kwa sababu ina thamani ya fedha. Vilivyo chini ya sakafu ya mkulima wa Lulindi vina thamani ya uhai wake. Kupima hivi viwili kwa bidii sawa sioni kuwa ni kudai makubwa.

Na kipimo chenyewe si ghali kama watu wanavyodhani. Ni kidude cha plastiki kinachoenea kiganjani, hakitaki umeme wala betri. Ndani yake kuna kipande cha plastiki maalumu ambacho kila chembe ya alfa ikikigonga inaacha alama. Kinawekwa chumba cha kulala, mbali na dirisha, kinaachwa miezi mitatu, kisha kinapelekwa maabara, kinaoshwa kwa kemikali na alama zinahesabiwa kwa darubini. Mtoto wa kidato cha pili anaweza kuelekezwa namna ya kukiweka. Anzeni na mia chache katika Masasi, Nachingwea, Nanyumbu na Ruangwa, wekeni vingine uwanda wa Makonde kule Newala na Tandahimba, na vingine pwani ili tulinganishe. Msisahau mabweni ya shule, ambako mtoto analala miaka minne chumba kimoja. Visima virefu vilivyochimbwa kwenye mwamba navyo vipimwe, maana radoni husafiri pia ndani ya maji na kutoka yanapomwagwa.

Kisha tutajieni namba ya kulinganishia. Shirika la Afya Duniani tangu 2009 linapendekeza bekereli 100, na pale ambapo nchi haiwezi kufika hapo, isivuke 300. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ambalo Tanzania ni mwanachama wake, navyo vinaweka 300 kuwa kikomo kwa nyumba za kuishi. Mwananchi akipewa karatasi yenye 180, ajue ni nafuu au ni taabu, na ajue afanye nini kesho asubuhi.

Maana la kufanya lipo, na mengi ni kazi ya mikono yangu. Nyumba iliyokwisha jengwa inazibwa nyufa, inafunguliwa vitundu vya hewa juu na chini, sakafu ya udongo inapigwa saruji. Namba ikiwa kubwa mno, linachimbwa shimo dogo chini ya sakafu, linawekwa bomba la kupanda hadi juu ya paa na feni ndogo ya kunyonya. Nyumba mpya ni rahisi zaidi. Ireland tangu Julai 1998 kila nyumba mpya inawekewa shimo hilo la akiba na bomba lililozibwa, tayari kwa siku litakapohitajika, na kwenye maeneo yenye radoni nyingi linatandazwa pia shuka zito la plastiki chini ya sakafu nzima. Nailoni hiyo tunaijua. Tunaitumia kuzuia unyevu, na ndiyo ya kwanza kukatwa mteja anapotaka kupunguza gharama. Tabaka la kokoto, nailoni iliyopandishiana vizuri, na bomba la inchi nne kabla ya kumwaga jamvi: ni pesa ndogo mbele ya gharama ya nyumba nzima. Baada ya jamvi kukauka, kazi hiyo hiyo ni kubomoa.

Kwa sababu hiyo naziomba halmashauri ziliingize hilo kwenye vibali vya ujenzi katika kata zitakazoonekana na namba kubwa, na vyuo vya ufundi vya VETA vya Mtwara na Lindi vifundishe vijana wa uashi namna ya kulifanya. Hospitali zetu, kuanzia Ndanda na Ligula hadi ile ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, ziandike mgonjwa wa saratani ya mapafu anaishi nyumba ya namna gani na kata ipi. Kikohozi kisichosikia dawa za kifua kikuu kichunguzwe hadi mwisho.

Watakuwepo watakaosema mnawatia watu hofu. Ireland na Uingereza hawakuhama nyumba zao. Walipimiwa, wakazitengeneza, wakaendelea kuishi humo. Mimi nimewaeleza wateja wangu kadhaa habari hii, na swali lao huwa moja: kipimo kinapatikana wapi? Sina jibu la kuwapa. Jibu mnalo ninyi.

Naomba vidude hivyo viwe vimefika kabla ya minada ya korosho. Mnajua ilivyo huku: malipo yakitoka AMCOS, vyama vyetu vya ushirika vya wakulima, ndipo misingi inapochimbwa kila kijiji, na nyumba zitakazoanza msimu huo zitakaliwa na wajukuu. Mafundi wa hapa tuko tayari kuvisambaza na kuvikusanya bila malipo. Tuiteni kupitia ofisi za watendaji wa kata, tutakuja.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi mwashi,
Masasi, Mtwara.